Seti "orijino" ya klachi ya CG125: waya mzuri, liva ya kukomoa vidole

Nyota moja. Sifuri hairuhusiwi.

Nazungumzia ile pakiti ya waya wa klachi na liva (ule mpini wa kubana kwa vidole kwenye usukani) inayouzwa kama kitu kimoja kwenye maduka ya spea Kariakoo, kwa ajili ya pikipiki za Honda CG125 za zamani na ndugu zake wa Kichina wenye injini ya mtindo uleule. Inanunuliwa na mtu ambaye klachi yake imekuwa nzito na anataka nafuu. Mimi imenipa klachi nzito zaidi ya ile ya mwanzo. Nilipoirudisha dukani, kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake: "Bosi, klachi haina tatizo, mkono wako umezoea kalamu." Wateja wakacheka.

Sawa. Tuchukue rula.

Pima liva kuanzia katikati ya tundu la bolti inayoishikilia kwenye usukani hadi katikati ya tundu inapokaa risasi ya waya, yaani kile kipande cha chuma kwenye ncha yake. Liva yangu ya zamani ina milimita 25. Ya kwenye seti ina 30. Kwa macho huoni tofauti, lakini hesabu ni hii: urefu huo ukiongezeka kwa moja ya tano, nguvu ya vidole nayo inaongezeka kwa moja ya tano. Palipokuwa panatosha kilo 5, sasa panataka 6, na kwenye foleni ya jioni kilo hiyo moja inaingia mpaka kwenye kiwiko. Faida yake ni kwamba waya unavutwa mbali zaidi, kwa hiyo mwenye klachi isiyoachia vizuri anaweza hata kuipenda liva hii. Lakini pakiti haisemi hivyo. Pakiti inasema orijino.

Wengi wakikutana na hali hii wanakimbilia kufungua injini, na hapo ndipo hela inapoteketea. Anza kwa kutenganisha. Legeza nati ya kurekebishia, chomoa waya kwenye kikono cha klachi, kile kinachotokeza juu ya kava la injini upande wa kiki. Sasa bana liva. Bila mzigo inapaswa kwenda na kurudi kwa kidole kimoja. Ikiwa bado ni ngumu, au inarudi kwa kujivuta, ugonjwa uko kwenye waya au liva na injini haihusiki kabisa. Ikiwa nyepesi, kamata kikono chenyewe kwa mkono: kinatembea kidogo bure, kisha kinakutana na springi. Kikiwa na kutu, kikikwaruza au kikigoma kurudi katika ile sehemu ya bure, shafti yake imekauka au imechimbika. Kipimo hiki hakihitaji kumlipa mtu.

Waya hufa kwa njia zinazojulikana. Ganda, yaani ala ya nje ambamo waya wa ndani unapita, linakunjwa kwa kona kali, hasa shingoni mwa usukani, na kila kona inaongeza msuguano juu ya ule wa kona iliyotangulia, hazijumlishwi tu. Waya mkavu wenye kona tatu unaweza kula nguvu nyingi kabla haijafika kwenye kikono. Pengine ganda limegusa ekzosi, bomba la plastiki la ndani likayeyuka na kubana. Au nyuzi chache zimekatika karibu na risasi na ncha zake zinachana ndani ya ganda. Hizo ukizikuta, usipoteze mafuta, badilisha. Na tafadhali, zile risasi za kufunga kwa skrubu ni za kukufikisha nyumbani tu. Skrubu inaponda nyuzi na waya unakatika palepale.

Waya ambao haujakatika unaokolewa. Utundike wima, funga kona ya mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa juu wa ganda kwa utepe ili iwe mrija, mimina mafuta ya taa huku ukivuta na kurudisha waya wa ndani mpaka chini yatoke safi. Uache ukauke, kisha rudia kwa mafuta ya cherehani au oili nyepesi mpaka yadondoke upande wa pili. Grisi usitie ndani: inashika vumbi, inakuwa uji mzito, na kwenye waya wenye bomba la plastiki haina kazi. Grisi ni ya risasi na bolti ya liva. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu inasafisha vizuri, lakini inakauka upesi. Bila oili baada yake ugumu unarudi.

Risasi lazima izunguke ndani ya tundu lake. Isipozunguka, kila ukibana liva waya unapindwa pale kwenye shingo ya risasi, na hapo ndipo hukatikia. Bolti ya liva nayo isikazwe mpaka ibane liva. Liva icheze huru, kisha nati ya chini ndiyo ikazwe. Ukimaliza acha mchezo (ule mwendo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta) wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya liva, halafu zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho. Mchezo ukibadilika, waya umepitishwa vibaya au umefungwa kwa kamba mahali usipopaswa kufungwa.

Hapa nilijikuta natetea nusu ya bidhaa. Waya wa seti, baada ya kupewa oili (ulikuja mkavu kabisa) na kufungwa kwenye liva ya zamani, ni mzuri kweli. Risasi zimekaa sawasawa, ganda lina bomba la plastiki, urefu ni sahihi. Klachi ikawa nyepesi. Nikafikiria nyota tatu.

Kisha nikakumbuka ushauri wa bure wa kaunta: "Kama bado ngumu, badilisha springi." Ushauri huo ndio ulionirudisha chini. Springi hazikazi kadiri zinavyozeeka, zinalegea! CG ina springi nne, na zikichoka klachi inateleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Ugumu unaotoka kwenye springi mara nyingi umeletwa na fundi, aidha kwa kufunga springi kali zisizo zake au kwa kuweka washa (vile vipete bapa vya chuma) chini ya zile zilizochoka ili klachi isiteleze. Washa zinaibana springi kabla hata hujagusa liva. Zikiwa nene, mizunguko ya springi inakutana kabla pleti (sahani za klachi) hazijaachana. Liva inakuwa kama jiwe mwishoni na gia inakwaruza. Anayeshuku hilo amwage oili, atoe kava la upande wa kiki, aangalie. Springi zibadilishwe zote nne, bolti zikazwe kwa msalaba kidogo kidogo, na kwa wenye spana ya kipimo, Nm 10 hadi 12 inatosha. Zile ni bolti nyembamba za M6; ukizikaza kwa hasira, meno yanatoka. Ukiwa hapo, angalia beringi ya kusukumia na kingo za hausingi, kile kikapu kinachoshika pleti. Pleti zikishachimba vishimo kwenye kingo, klachi inashtuka badala ya kuachia taratibu, na mwendeshaji analalamikia ugumu ambao waya hauwezi kuutibu. Gasketi mpya iwe mkononi kabla ya kufungua.

Kazi yote hiyo kijana angemtupia mteja kwa sababu ya liva yenye milimita 5 za ziada.

Nimeuliza kama wanauza waya peke yake. Jibu: "Seti ni seti." Basi nyota zibaki hapohapo, ingawa nakiri kuwa waya unaonea aibu kampani uliyowekwa nayo. Mwenye seti hii tayari asiitupe. Afunge waya, arudishe liva yake ya zamani kama haijapinda, na ile bolti mpya ya liva aichukue, maana imenyooka na nati yake inashika vizuri.