Rozela au haibiskasi ya mapambo: ipi ya chai?

Haibiskasi ya mapambo (Hibiscus rosa-sinensis), ile inayopandwa uani, sifa yake kubwa ni nywele: India majani mabichi husagwa yakatoa ute wa kuoshea kichwa.

Kwa chai, chukua rozela (Hibiscus sabdariffa), wengine huiita choya. Hapa hazichemshwi petali, bali vile vifuniko vyekundu, vinene na vichachu vinavyokumbatia tunda changa. Utafiti uliochapishwa Marekani 2010 uliwapa watu wenye presha iliyoanza kupanda vikombe 3 kwa siku, wiki 6. Namba ya juu ya presha ilishuka kama 7. Kwangu rozela inashinda kwa mbali. Ila anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza, na mjamzito aiache.