Gololi za manati kwa mashindano ya shabaha: zipi ununue Goma, zipi uziache

Chukua gololi mbili zinazotoka kwenye manati ileile, moja kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde, nyingine 36. Zikifika mita 10, ya kwanza imeshuka karibu sentimita 31, ya pili 38. Kwa kopo lenye kimo cha sentimita 7, moja inagonga katikati na ya pili inapita chini. Tofauti hiyo ya mwendo mara nyingi inaletwa na uzito usiolingana. Kwa hiyo mwenye manati ya kizamani, panda ya mti na vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, anunue kwanza usawa wa uzito, kisha ndipo aulize gololi imetengenezwa kwa nini.

Nafasi ya kwanza tunaipa gololi mpya ya chuma ya milimita 8. Moja ina gramu 2.1 hivi, na kilo moja inatoa karibu 480. Kama mpira wako ni mnene, wa gari kubwa, panda hadi milimita 9.5: gramu 3.5, karibu 285 kwa kilo. Usikubali neno la muuzaji kuhusu kipimo. Panga kumi zikigusana ndani ya pembe ya kitabu kilichofunguliwa, kisha weka rula. Za milimita 8 zitafika milimita 80. Zikiishia 75, umechanganyiwa. Zizungushe pia juu ya kioo kilicholala sawa: yenye ubapa inayumba au inasimama ghafla. Kutu nyepesi inatoka kwa kusugua, lakini yenye vishimo iache, kwa sababu inakwaruza ngozi ya manati na haiachiliwi vilevile kila mara.

Ya pili ni gololi ya beringi iliyokufa, au roulement kama mafundi wa Goma wanavyosema. Chuma chake ni kizuri kuliko unavyohitaji, na kipimo unakijua kabla hujaifungua, maana namba imechongwa ubavuni. Kwa kawaida 6204 ina gololi nane za milimita 7.94, 6205 ina tisa za kipimo hichohicho, na 6206 ina tisa za milimita 9.53. Hizo ndizo za kutafuta. 6202 ina gololi za karibu milimita 6, ndogo mno kwa mpira mnene.

Kuzitoa kuna hatari yake. Wengi wanapiga pete ya nje kwa nyundo. Chuma hicho kimekazwa kwa moto, hakipindi, kinapasuka na vipande vinaruka hadi machoni. Afadhali ung'oe vifuniko, utoboe au ukate misumari midogo ya kizimba kinachotenganisha gololi, ukitoe, kisha uzisukume gololi zote upande mmoja. Pete ya ndani itaanguka yenyewe. Osha grisi kwa mafuta ya taa, kausha, tupa yoyote iliyochubuka. Usichanganye gololi za beringi mbili zenye namba tofauti ndani ya mfuko mmoja, hata kama jicho linaziona sawa.

Gololi ya udongo inakuja ya tatu, ila kwa anayefanyia mazoezi uani, kati ya nyumba za majirani, ningeiweka juu ya zote. Inavunjika ikigonga, hairudi. Chuma kikigonga ukuta wa mawe ya lava kinaweza kurudi kwako au kwa mtoto wa jirani. Shida ni kwamba mji umekaa juu ya lava, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi utaununua kwa wanaouleta kutoka nje. Uchuje, uukande bila kokoto wala hewa, ukate vipande vinavyolingana. Hapa ndipo mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, inayosoma gramu 0.01, inapolipa. Viringisha hadi milimita 13, kwa kuwa udongo utapungua ukikauka, uanike kivulini siku mbili au tatu, zaidi wakati wa mvua. Juani unapasuka. Zilizokauka pima tena, moja moja: panga za gramu 1.5 hadi 1.6 pamoja, za 1.6 hadi 1.7 pamoja. Usizichome. Zikichomwa zinakuwa ngumu na faida ya kuvunjika inapungua. Zifunge ndani ya kopo, maana zinavuta unyevu na uzito unabadilika.

Gololi za gurudumu la nyuma la baiskeli, milimita 6.35, zinapatikana kirahisi na zinalingana vizuri sana. Lakini gramu 1 ni nyepesi kwa mpira wa gari: nguvu isiyochukuliwa na gololi inabaki kwenye mpira, nao unarudi kukupiga vidole. Zinunue tu ukiwa na vipande vyembamba, vya mpira unaoruka haraka. Kuujua ni rahisi: uvute, uachie. Ule wa butili, yaani mpira wa kiwandani usio wa asili, unarudi kwa uvivu; wa asili unaruka na kulia.

Kioo, zile za watoto, ni kubwa. Ya milimita 16 ina gramu 5 na kitu, kipimo kinatofautiana ndani ya mfuko mmoja, na inapasuka vipande vikali. Jiwe la lava lina kona na vitundu. Linapinda hewani, linachana ngozi. Risasi, yaani madini yenyewe, ina uzito mzuri, ila ni sumu mikononi, na kuiyeyusha kwenye jiko la nyumbani ni kuwavutisha watoto moshi wake.

Chochote utakachonunua, tundika blanketi kuukuu nyuma ya kopo, likining'inia huru bila kukazwa, na sanduku chini yake. Gololi inachoka kwenye kitambaa, inaanguka ndani, na kilo yako moja inakutosha msimu mzima. Miwani vaeni wote, anayepiga na anayehesabu.