TAHADHARI: Anayeuza safari za baiskeli Dordogne kwa Kiswahili, msimtumie hela

Ndugu zangu mnaopenda baiskeli, hasa mlioko Ulaya na mnaopanga kuwaalika ndugu kutoka nyumbani msimu huu: kuna mtu anauza kwa WhatsApp safari ya siku saba ya baiskeli za mbio katika mkoa wa Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuanzia mji wa Sarlat. Anajitambulisha kuwa ni mwenzetu anayeishi Bordeaux. Anaandika Kiswahili safi, ana mkataba wenye mhuri na ana picha za kuvutia. Hana baiskeli, hana nyumba, na safari hiyo haipo. Mwaka jana ametuibia sisi wanne jumla ya yuro 4,760. Wiki hii nimetumiwa tangazo lilelile, picha zilezile, kwa jina jipya na namba mpya ya simu. Ndiyo maana naandika leo.

Mimi na mume wangu tunaishi Ubelgiji, rafiki yetu yuko Uholanzi, na mdogo wangu wa kiume alikuwa anakuja kutoka Arusha. Mwendeshaji hasa ni yeye. Kila Jumamosi alfajiri yuko barabarani kuelekea Usa River, na kwa safari hii alidunduliza zaidi ya mwaka mzima. Yule mtu alinitafuta baada ya mimi kuuliza kwenye kundi moja la Waswahili wa Ulaya kama kuna anayeijua Dordogne. Alianza na shikamoo, akaniita dada, akauliza habari za watoto. "Hii bei ni ya sisi kwa sisi, dada, usiwatangazie wengine." Yuro 690 kila mtu: malazi, kifungua kinywa, baiskeli ya fremu ya kaboni, gari la kubeba mabegi kutoka nyumba hadi nyumba. Juu yake amana ya yuro 500 kwa kila baiskeli, itakayorudishwa siku ya kukabidhi. Nilipouliza kuhusu kibali, mkataba wa kurasa sita uliingia ndani ya dakika kumi.

Niliridhika kwa sababu ya lugha. Angeniandikia Kiingereza au Kifaransa ningekagua kila mstari. Miaka yote hii ugenini, mtu akinisalimia vizuri kwa Kiswahili huwa nashusha mabega, na yeye alilijua hilo.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 tulishuka Sarlat saa kumi jioni. Treni kutoka Bordeaux huchukua karibu saa tatu, inapita katikati ya mizabibu ya Saint-Émilion kisha inaufuata mto Dordogne, na mdogo wangu alikuwa amebandika uso dirishani njia nzima. Gari la kutupokea halikuwepo. Simu iliita mara mbili, ya tatu ikawa imezimwa. Tukachukua teksi hadi kwenye nyumba ya usiku wa kwanza, jirani na kijiji cha Beynac. Nyumba ipo, milango ya buluu ileile ya kwenye picha. Akatoka mama mtu mzima amevaa aproni, akatusikiliza, akaingia ndani kutuletea maji kabla hajatueleza lolote. Nyumba ni yake na picha ni zake, ila tangazo lile hana habari nalo. Sisi tulikuwa kundi la tatu mwaka ule kugonga mlango wake. Mdogo wangu alikaa juu ya begi lake pale uani, hakusema neno.

Tangu siku ile nimeisoma ratiba ya yule mtu mara nyingi, na kinachoniuma ni kwamba uongo ulikuwa umeandikwa waziwazi. Siku moja ilisema "Sarlat hadi Rocamadour, kilomita 30, tambarare". Ni zaidi ya kilomita 50, na Rocamadour imeng'ang'ania jabali juu ya korongo la mto Alzou. Nchi yote ile ni ya kupanda na kushuka. Siku nyingine ilikuwa "kuendesha taratibu kando ya mto ndani ya mji wa Domme". Domme, uliojengwa 1281 kwa amri ya mfalme Philippe III, uko juu ya genge, na uliwekwa huko makusudi ili adui asiufikie. Ukitokea kijiji cha Cénac kilicho chini yake, unaupanda kwa gia nyepesi kuliko zote ulizonazo, na mto unauona uko chini kabisa. Kisha akaahidi soko la Sarlat asubuhi ya Jumapili, wakati soko kubwa la mji ule ni Jumatano na Jumamosi.

Lililonipasua moyo zaidi ni tiketi za kuingia "pango lenyewe la Lascaux", lile lenye michoro ya watu wa kale, ambazo ndizo zilizomfanya mdogo wangu aseme ndiyo. Pango lenyewe, lililogunduliwa 1940, limefungwa kwa umma tangu 1963, kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaiharibu michoro. Leo watu huingia kwenye nakala zilizoko Montignac, ile iliyofunguliwa 1983 au ile kubwa ya 2016. Ni nzuri sana, nendeni. Lakini mtu yeyote anayewauzia tiketi ya pango la asili anawauzia hewa.

Na kuna picha moja ya waendesha baiskeli kwenye barabara ya vijijini, mashamba kulia na kushoto, mnara wa kanisa kwa mbali. Wote wako upande wa kushoto wa barabara. Ufaransa huendeshwa kulia. Mdogo wangu hakuona kasoro kwa kuwa nyumbani tunaendesha kushoto. Mimi naishi huku na sikuona pia. Picha hiyohiyo imo kwenye tangazo la wiki hii.

Anayeijua njia kweli huongea kwa namna nyingine kabisa. Bila kuulizwa atawaambia kwamba barabara ya D703 kati ya Beynac na La Roque-Gageac hujaa magari wakati wa likizo, basi mtoke mapema au mpite njia ndogo. Kwamba kuna njia ya baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani kuelekea Groléjac. Atauliza urefu wenu ili awape fremu inayowafaa. Huyu hakutuuliza urefu hata mara moja, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Kuhusu karatasi. Kwa sheria ya Ufaransa, anayeuza kifurushi cha malazi pamoja na baiskeli ni lazima awe amesajiliwa kwenye daftari la waendesha safari linalosimamiwa na Atout France, shirika la utalii la taifa, na awe na dhamana ya fedha ya kuwarudishia wateja hela zao. Namba ya usajili huanza na herufi IM, na daftari liko wazi mtandaoni bila malipo. Namba ya kwenye mkataba wetu ni ya kweli, ila ni ya wakala mwingine asiyehusika hata kidogo. Ameibiwa namba kama yule mama alivyoibiwa picha. Kwa hiyo msitosheke kuiona namba. Angalieni ni jina gani limeandikwa mbele yake, kisha wasilianeni na kampuni hiyo kwa anwani ya kwenye daftari, si ya kwenye mkataba.

Kuhusu hela, IBAN (namba ya kimataifa ya akaunti ya benki) aliyotupa ilianza na LT, yaani Lithuania, kwa jina la mtu binafsi. Akaunti ya Lithuania si kosa. Lakini mtu anayejiita duka la siku nyingi la Dordogne ana sababu gani ya kupokea hela huko kwa jina lisilofanana na la duka? Sisi tulilipa Machi 2025. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinatakiwa kuwaonya kama jina mliloandika halilingani na mwenye akaunti. Tapeli huyu atawaambia "bonyeza tu endelea, ni mfumo wa benki unasumbua". Msibonyeze.

Naomba wanaoleta wageni kutoka Afrika Mashariki wasome hapa mara mbili. Karatasi ya malazi aliyotupa ndiyo mdogo wangu aliyoiambatanisha kwenye maombi yake ya viza ya Schengen. Tulimpeleka ubalozini na hati ya uongo bila kujua. Viza ilitoka, na hadi leo nikifikiria nasikia baridi. Ubalozi ungempigia yule mama wa Beynac, maombi yangekataliwa, na kumbukumbu ya kukataliwa hukaa kwenye mfumo wa viza wa Ulaya hadi miaka mitano. Pigeni simu wenyewe kwenye nyumba ya kulala kabla karatasi haijaingia kwenye faili la mtu.

Safari hatukuiacha. Yule mama alitutafutia vyumba kwa jirani yake, na Jumanne tukapata fundi wa baiskeli pale Sarlat, mwenye duka lenye mlango na risiti. Hakutaka amana ya kutumiwa benki. Alizuia kiasi kwenye kadi yangu, tukiwa tumesimama mbele yake. Aliizungukia kila baiskeli pamoja nasi, akaandika kila mkwaruzo, akanionyesha namba iliyochapwa kwenye fremu na kuiandika kwenye mkataba. Tangu Januari 2021 kila baiskeli mpya inayouzwa na mfanyabiashara Ufaransa ni lazima iwe na namba ya namna hiyo, kwa hiyo mnaweza kumwomba mtu picha ya namba kabla hamjalipa chochote. Siku mbili baadaye mdogo wangu alifika Monpazier, mji ulioanzishwa 1284 na mfalme Edward I wa Uingereza, akakaa chini ya matao ya uwanja wa soko, akampigia mama simu ya video. Niliona mabega yake yamerudi mahali pake.

Kama mmeshalipa, pigeni simu benki leo, msisubiri kesho. Uhamisho wa papo hapo ni vigumu sana kuurudisha. Mliolipa kwa kadi mna nafasi ya kupinga malipo. Msifute mazungumzo. Mkiwa Ufaransa, nendeni gendarmerie (askari wa usalama wa vijijini) au polisi iliyo karibu, hawaruhusiwi kukataa malalamiko yenu hata kama kosa limetendeka kwingine. Ombeni karatasi ya kuthibitisha kwamba mmelalamika, maana benki itaitaka. Na akiwarudia, kwa sababu mimi alinirudia siku tatu baadaye, akisema atarudisha kila kitu nikimtumia kwanza yuro 150 za "ada ya kufungua akaunti", msimjibu.

Ujumbe wake wa kwanza mwaka jana ulikuwa hivi, na wa wiki hii ni huohuo neno kwa neno: "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu, nimeona unauliza kuhusu Dordogne." Aliyeupata anitumie picha ya skrini, namba ya simu na IBAN. Faili letu pale gendarmerie bado liko wazi, na kila namba mpya ninayoipata naipeleka.