Notsi zangu za Biolojia ziliibwa, nikazitoa mtandaoni mwenyewe bila wakili, hivi ndivyo ilienda

Naanza na alama kabisa ndio mwenye haraka aende: nyota 4 kwa 5, kwa kutuma ilani za hakimiliki (barua ya kuiambia kampuni itoe kazi yako iliyoibwa) wewe mwenyewe bila wakili na bila kulipa wale watu wa kutoa vitu mtandaoni. Hiyo nyota moja nimeizuia na sababu iko huko chini.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia hapa Kakamega. Nimekaa miaka mitatu nikiandika notsi za Form 1 mpaka Form 4, kurasa 164, na michoro yote ni mkono wangu, moyo, figo, ua la maharagwe, jino, kila kitu, halafu nikaenda kuskani kwa saiba moja karibu na chuo kikuu cha MMUST na nikaanza kuuza PDF kwa 200, mtoto anatuma M-Pesa mimi namtumia faili. Si pesa nyingi lakini imeshalipa karo ya msichana wangu term mbili. Na soko lenyewe lina mwisho juu KCSE, mtihani wa Form 4, ya mwisho kwa huu mfumo wa 8-4-4 ni 2027, so kila mwezi hizo notsi zikigawanywa bure ni mwezi sitawahi kuurudisha.

Sasa siku moja mwanafunzi ananiuliza, "Mwalimu, mbona unatuuzia kitu iko bure Google?" Nikatafuta usiku huo huo nikapata saiti nne, tatu wanagawa bure na moja wanaiuza 50. Namba yangu ya simu iliyokuwa chini ya kila ukurasa wameikata yote, lakini ukurasa wa 31 niliiandika ndani ya mchoro wa figo, hiyo hawakuiona, imebaki hapo na mwandiko wangu. Niliumia sana wacha niseme ukweli. Nilitaka kuandika matusi kwa komenti, mke wangu akaniambia baba wachana na matusi, tafuta sheria inasema nini.

Jamaa mmoja anayefanya hii kazi ya kutoa vitu mtandaoni aliniambia 8,000 kwa kila linki. Mara nne piga hesabu mwenyewe. Ndio nikaamua kusoma.

Sheria inayotumika sana ni DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Unaweza kuuliza sheria ya Marekani inanihusu aje mimi wa Kakamega, lakini seva nyingi (kompyuta zinazobeba saiti) ziko kule, na hiyo sheria inasema kampuni inayoweka vitu vya watu haishtakiwi kwa wizi wa mteja wake kama ikipata ilani inatoa hiyo kitu haraka. Kwa hivyo hata kama hawakujui wana sababu yao ya kukusikiliza. Na kazi ya Mkenya inalindwa huko kwa Mkataba wa Berne, makubaliano ya nchi nyingi ya kulindiana hakimiliki, sisi tuliingia 1993 na Marekani 1989. Si lazima uwe umesajili kazi yako ndio utume ilani, hakimiliki ni yako tangu siku umeandika. KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, unaweza kusajili na ni vizuri juu unapata ushahidi, lakini usikae ukingoja cheti wezi wakiendelea. Sheria yetu pia tangu marekebisho ya 2019 ina kipengele cha ilani za kuondoa, mimi sikukihitaji kwa sababu hakuna hata seva moja kati ya hizo nne ilikuwa Kenya.

Hapa kwa kuandika ilani ndio nilikosea. Ya kwanza niliandika barua ndefu ya uchungu, miaka mitatu, jasho, karo, yote nikamwaga. Wakanijibu kwa adabu kwamba kuna vitu havipo. Wanataka hivi: useme kazi yako ni gani, useme iliyoibwa iko linki gani (linki ya ukurasa wenyewe au faili yenyewe, ukiwapa tu jina la saiti haisaidii), namba na imeli yako, useme kwa nia njema unaamini haijaruhusiwa na mwenyewe wala wakala wake wala sheria, useme maelezo ni ya kweli na kwamba, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ndiye mwenye haki au umetumwa naye, na mwisho sahihi, hata jina lako kamili ukilichapa linatosha kama sahihi. Ni hayo tu. Ilani yangu ya pili ilikuwa nusu ukurasa na ndiyo ilifanya kazi. Na kabla hujatuma chochote piga skrinshoti za kila ukurasa zikionyesha linki na tarehe, juu wakishatoa hutaona tena.

Saiti ya kwanza ilikuwa zile za watu kupandisha faili, wana fomu yao, siku 2 imetoka. Ya pili ni blogu, mwenyewe amejificha, nikaangalia WHOIS (rekodi za nani amesajili jina la saiti) na anwani ya IP, ile namba ya seva, nikapata kampuni ya seva, hao ndio walinirudishia ile barua ya uchungu, ya pili ikachukua siku 5. Ya tatu, hawa wa 50 bob, ilinisumbua kichwa kwa sababu ukiangalia unaona Cloudflare, kampuni ya kulinda na kuharakisha saiti, na Cloudflare mara nyingi anakaa tu mbele ya saiti, faili zenyewe ziko kwa seva ya mtu mwingine. Lakini wana fomu ya malalamiko, ukijaza wanayapeleka kwa mwenye seva na wanakuambia ni nani, ukishajua unamwandikia mwenyewe. Wiki tatu. Siku ilipotoka nilimwita mke wangu jikoni aje aone ukurasa mtupu.

Ya nne bado iko. Seva iko nchi ambayo DMCA haiwashiki, nimeandika mara tatu na hakuna jibu. Nikajaza fomu ya Google ya hakimiliki na baada ya siku 4 linki ikatoka kwa matokeo ya kutafuta. Ukurasa upo, ila mtoto akitafuta hauoni, na mauzo yangu yamerudi karibu vile yalikuwa. Jua tu kwamba Google hutuma nakala za ilani kwa hifadhi inaitwa Lumen na jina lako linaweza kuonekana huko, so kama unajificha fikiria hiyo kwanza.

Hiyo nyota imeenda hapo, na pia kwa hii: aliyeripotiwa anaweza kutuma ilani ya kupinga, na akituma, kampuni inarudisha ile kitu kati ya siku 10 na 14 za kazi isipokuwa wewe umeenda kortini. Korti ya Marekani kwa mwalimu wa Kakamega ni ngumu. Kwangu hakuna aliyepinga, lakini ukitegemea hii njia hiyo uijue mapema. Makundi ya meseji nayo sijagusa, faili ikishafowadiwa huko huwezi kuifuata.

Hicho kiapo cha kwenye ilani usikipite haraka. Ukisema uongo kwa kujua, aliyeumia anaweza kukudai fidia. Kurasa 12 za mwisho za notsi zangu ni maswali ya mitihani ya KNEC, baraza la mitihani, si yangu, nikayaacha nje ya ilani, na nimeyatoa kabisa kwa toleo jipya. Na kulikuwa na wa tano, mwalimu mwingine, karibu nimripoti, vichwa vyake na vyangu ni sawa mpangilio wote, nikakaa chini jioni moja nikalinganisha ukurasa kwa ukurasa nikaona maneno ni yake na michoro ni yake. Silabasi ni moja, moyo una vyumba vinne kwa kila mtu. Nikamwacha.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Historia kule Nakuru alinipigia, notsi zake pia zimesambaa, anataka nimwandikie ilani. Nikamwuliza ramani alichora nani. Akanyamaza kidogo akasema alizipiga picha kwa kitabu. Nikamwambia mwalimu, hizo tunaziacha, tuma zile za mkono wako peke yake. Siku mbili sikumsikia, halafu jana usiku akanitumia kurasa 58 na linki sita, na ya kwanza tumeshaituma.