Buti la kwendea kuvua trauti: bonyeza soli ya kati kabla hujalipa

Malalamiko yanayonifikia kila Januari na Februari, na tena kuanzia Julai, yanafanana mno. Mtu kanunua buti zuri lenye jina kubwa, ngozi haina mkwaruzo, soli ya chini ina meno yote. Kapanda nalo Mlima Kenya na fimbo yake ya mshipi kwenda Ziwa Rutundu au Ziwa Alice, na siku ya pili soli imebaki kwenye tope, mguu umetoka na ngozi peke yake. Wote wanauliza swali moja: nimeuziwa feki? Mara nyingi jibu ni hapana. Buti lilikuwa halisi kabisa, ila lilikuwa limekufa siku nyingi kabla ya kushushwa soko la mitumba la Karume, Dar.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia saizi, rangi wala aina ya kamba. Hayo mnayajua. Nazungumzia kitu kimoja ambacho muuzaji wa Dar hatakutajia: tabaka la povu lililo katikati ya ngozi na soli ya chini. Naliita soli ya kati.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali buti linapokwenda. Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Waliletwa na walowezi wa Kiingereza, wakapandikizwa kwenye Mto Gura, Aberdare, mwaka 1905, na baadaye wakasambazwa Mlima Kenya. Ni samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi, na huku karibu na ikweta baridi hiyo ipo juu milimani tu. Maziwa ya Rutundu, Alice na Ellis yote yako juu ya mita 3,000. Maana yake ni saa nyingi za kutembea kwenye vichaka vya nyasi vilivyosimama majini, usiku wa kuganda barafu, kisha kusimama ukingoni bila kusogea huku maji yakikuzunguka kifundoni. Mpandaji wa kawaida anapita kwenye tope na kuendelea. Mvuvi anasimama humo. Na soli ikiachia huko, fundi wa karibu yuko Nanyuki au Chogoria.

Povu la soli ya kati ni la aina mbili kuu: poliurethani, yaani PU, na EVA. PU ni zito kidogo, halibonyei upesi, linabeba mzigo vizuri, ndiyo maana mabuti mengi mazito ya Ulaya yanalitumia. Adui yake ni unyevu. Mvuke wa maji huingia ndani ya povu na kukata minyororo ya kemikali inayolishikilia; wataalamu wanaita hidrolisisi. Joto huharakisha kazi hiyo. Sasa buti kama hilo lilale kwenye kontena, lishuke bandarini, likae miezi kwenye banda la bati Ilala, katika joto la nyuzi 30 na hewa ya pwani. Kwa nje halionyeshi chochote. Ukilivaa na kulikunja likiwa limelowa, hukatika vipande kama mkate mkavu.

Watengenezaji wenyewe, Lowa na Meindl wakiwemo, wanaeleza wazi kwamba soli ya kati ya PU ina umri wake hata kama buti halijawahi kuvaliwa. Kadirio la kawaida ni kati ya miaka 5 na 10, kutegemea lilivyohifadhiwa. Kwa hali ya hewa ya Dar, mimi nahesabu 5. Na hapa ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa: buti lisilovaliwa huoza haraka zaidi ya linalovaliwa, kwa sababu kutembea hukamua unyevu nje ya povu. Lile safi kuliko yote kwenye rundo, ambalo winga, yaani dalali wa sokoni, analiita "dedstoki" (la zamani lisilowahi kuvaliwa), linaweza kuwa lililokaa kabatini Ujerumani miaka kumi na mbili. Mashaka yako yaanzie hapo.

EVA haina ugonjwa huu. Huchoka kwa namna yake: husinyaa, huwa ngumu, kisigino hulalia upande. Utaumia magoti, lakini utarudi na soli yako.

Namna ya kupima sokoni. Chukua jozi nje kwenye mwanga wa jua, kamwe si chini ya turubai la bluu. Toa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Kama kitambaa kinatoka na rangi nyeusi au nyeupe, soli imepakwa, na anayepaka soli anaficha ufa. Kisha bonyeza ukucha wa gumba kwenye soli ya kati, juu ya kisigino na tena pale vidole vinapokunjia. Povu zima hurudi lenyewe mara moja. Alama ikibaki, au povu likinata kwenye kidole, au unga ukidondoka, rudisha. Baada ya hapo kunja buti kwa nguvu mara ishirini, ukishika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, huku unatazama mstari wa soli kwa karibu. Nyufa nyembamba zinazofunguka na kufunga ni hidrolisisi iliyokwisha anza. Muuzaji akikukataza kukunja, umeshapata jibu.

Kutofautisha PU na EVA kwa mkono si kugumu. EVA ni nyepesi na ukiitazama kwa karibu ina vinyweleo vidogo. PU ina ngozi laini, nzito, na mara nyingi imemiminwa moja kwa moja ikashikana na ngozi ya juu bila mstari wa gundi. Tafuta pia tarehe. Kibandiko kilicho ndani ya ulimi mara nyingi kina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na baadhi ya soli zina duara dogo lenye namba 1 hadi 12, mshale unaoonyesha mwezi, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Kibandiko kikiwa kimekatwa kwa mkasi, hesabu buti hilo kuwa la zamani.

Tenganisheni pia mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Gundi ikiachia, soli inabanduka ikiwa nzima, pande zote mbili safi. Hiyo fundi anaitengeneza: anakwangua, anapaka gundi ya viatu pande zote mbili, anasubiri ikauke kidogo, anabana usiku kucha. Povu likifa, soli inabanduka na makombo upande mmoja na makombo upande mwingine. Hapo gundi inashika makombo tu. Kushona hakusaidii, uzi unachana povu. Na hata kwa buti zima, msikubali kushonewa soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni "ili iwe imara", kama wanavyofanya kwenye raba mtoni. Sindano inatoboa utando wa Gore-Tex ulio ndani, ule unaozuia maji, na kuanzia siku hiyo unavaa chujio.

Sasa orodha yangu.

La kwanza ni Salomon Quest, iwe 4D 3 au Quest 4, na sioni haya kusema kuwa nalipendelea waziwazi. Soli ya kati ni EVA. Kati yake na soli ya chini kuna fremu ya plastiki ngumu inayozuia mguu kupinda ukikanyaga pembeni ya kichaka cha nyasi ukiwa na mkoba wa kilo 15 mgongoni. Shingo yake ni ndefu, kwa hiyo maji ya ukingoni hayamiminiki ndani mara moja. Uzito ni kama gramu 650 kwa mguu mmoja, si jepesi, ila kwa safari ya siku nne nakubali. Udhaifu wake uko kwenye gundi ya ncha ya mbele: kagua pale, ukikuta mdomo umeanza kufunguka omba bei ishuke na mpelekee fundi kabla ya safari, si baada. Pima Gore-Tex nyumbani: lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kufikia chini ya tundu la kwanza la kamba, karatasi ya chooni ndani, nusu saa. Karatasi ikilowa, buti bado linafaa, ila bei haikuwa ya haki. Jipya nje linauzwa zaidi ya dola 200. Kwa mtumba usiojulikana mwaka wake, mwisho wangu ni laki moja na nusu, na kwa lenye kibandiko cha miaka mitatu iliyopita naweza kwenda laki mbili na nusu.

La pili, Merrell Moab ya shingo ya kati, ile isiyopitisha maji. Nayo ni EVA, soli ya chini ni mpira wa kampuni ya Vibram, na ni pana mbele, jambo zuri kwa miguu yetu iliyozoea ndala. Jipya nje ni kama dola 150. Tatizo ni vitambaa vya wavu pembeni: vinakauka upesi, lakini tope jembamba la mlimani linaingia ndani na kusaga utando. Kwa siku mbili za Ellis linatosha. Kwa wiki nzima ya kuzunguka maziwa, hapana.

La tatu, mabuti ya ngozi ya Lowa, Meindl na Hanwag. Kwa ngozi, mshono na joto hakuna yanayoyafikia, na kama ningeishi Munich yangekuwa namba moja, kwa sababu huko unalirudisha kiwandani wanakubadilishia soli yote. Kutoka Dar, nauli ya kulituma na kulirudisha inaua maana. Nunua likiwa jipya, au likiwa na tarehe inayosomeka ya ndani ya miaka mitano. Bila tarehe, usiguse hata kwa elfu hamsini.

Sefti buti za Kariakoo siziorodheshi. Soli nyingi ni PU ya kumiminwa, na chuma cha mbele kinavuta baridi na kugonga kucha wakati wa kushuka. Mabuti ya kombati nayo hapana. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi. Gambuti la mvua lina nafasi moja: wavuvi wanaofika na gari karibu na maji. Halina povu la kuoza. Vaa soksi mbili za sufu na usitembee nalo zaidi ya saa mbili.

Niseme na hili la bei, kwa sababu linaniumiza. Ukitamka neno "mlima" Kariakoo, bei inapanda papo hapo. Winga anakuchukua Msimbazi, anakuzungusha maduka matatu, analipwa juu yako, na wewe unadhani umepewa bei ya rafiki. Buti lilelile Karume asubuhi ya kufungua bale ni nusu ya bei, na huko unaruhusiwa kukunja. Mbaya zaidi ni wanaopaka soli rangi na kuziba nyufa kwa supa glue. Mtu huyo hauzi kiatu kibovu cha kuendea ofisini. Anauza mguu uliolowa kwenye baridi ya usiku wa mita 3,500. Hilo si ujanja wa biashara, ni kumhatarisha mtu. Kwa vipya, dai risiti ya EFD. Ukiuziwa nembo ya kughushi ya Gore-Tex au Vibram, Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia. Peleka risiti na buti lenyewe. Nembo halisi ya Vibram kwa kawaida ni pembenane ya njano iliyozama ndani ya mpira. Ikibanduka kwa ukucha, ni stika.

Nunua wiki sita kabla ya safari. Wiki ya kwanza tembea nalo Pugu na msitu wa Kazimzumbwi ukiwa na kilo 10 mgongoni, saa nne mfululizo, likiwa limelowa makusudi. Povu bovu huonyesha tabia likilowa na kukunjwa. Likipita, nenda milima ya Uluguru, panda kilele cha Lupanga, kwani mteremko ndio unaoivuta soli kutoka kwenye ngozi. Likifa huko, bado una muda wa kununua jingine, na basi la Nairobi linapita Moshi na Arusha, ambako kuna maduka ya kukodisha vifaa vya mlima.

Kwenye mkoba weka kamba ya nailoni ya mita tatu, vibano kumi vya plastiki vya kufungia nyaya, na solotepu ngumu ya kitambaa. Soli ikiachia, pitisha vibano kwenye unyayo katikati, mbele kidogo ya kisigino, pale pasipogusa ardhi. Kamba ipite hapo hapo, ivuke juu ya mguu, izunguke kifundo, irudi. Ukiifunga chini ya vidole itasagika mapema sana. Usitumie mshipi wa kuvulia, hata ule wa kusukwa: ni mwembamba, unakata povu na kumaliza kilichobaki.

Ukirudi Dar, osha tope kwa maji matupu, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa chache, kausha kivulini. Jua kali na joto la bati huua gundi. Usilifunge kwenye mfuko wa nailoni wala kuliacha kwenye buti la gari. Kama ni la PU, livae hata sokoni kila wiki mbili ili unyevu utoke. Kama ni la EVA, usilipangie mzigo juu, kwa sababu likibonyea miezi kadhaa halirudi tena.