Malindi: Kiitaliano au kamera?

Kijana wa Malindi anayetaka kujiajiri huniuliza hivi: nishike Kiitaliano au nishike kamera?

Kiitaliano hapa kina mizizi. Waitaliano walikuja na mradi wao wa anga wa San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa kutoka baharini mwaka 1967. Hoteli na majumba ya kifahari yakafuata. Mtaji wa Kiitaliano ni masikio na daftari. Ila usijidanganye: cha kusalimia wageni ufukweni kinajulikana na kila muuza vinyago. Chenye pesa ni cha kuandika, yaani kutafsiri mkataba wa kukodi nyumba, barua ya wakili, karatasi za shamba. Hapo ushindani unapungua, na Aprili hadi Juni, hoteli nyingi zikifunga, bado unaweza kutumiwa kazi kwa barua pepe kutoka Milano.

Kamera inataka mtaji mkubwa, na hewa ya chumvi haina huruma na lenzi. Ukiongeza droni, lazima uwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Faida yake ni harusi, ambazo hazingoji watalii, ingawa Ramadhani zile za Waislamu hukauka.

Tena harusi zetu nyingi upande wa akina mama haingii mwanamume. Kwa hiyo dada akiniuliza, namwambia kamera bila kusita. Kaka namwelekeza kwenye Kiitaliano, mradi akubali kukaa na sarufi mwaka mzima.