Darasa la mtandaoni la walinzi wa mbele wa mpira wa Kimarekani: nililipa, nikauliza, nikazimwa sauti

Nianze na jambo lenyewe kabla hasira hazijapoa. Niliuliza swali, mwalimu akacheka, kisha akanizima sauti. Watu wapatao arobaini walikuwa wakitazama. Na kipindi hicho cha maswali ndicho kilichonifanya nichukue kifurushi cha bei ya juu, karibu dola 200, pesa ya zamu za ziada za usiku.

Maneno yake yalikuwa haya: “Mama, saa hii ni ya makocha na wachezaji. Mwite kijana aketi hapo.” Kijana, yaani mwanangu anayecheza, alikuwa kazini. Swali aliniachia kwenye karatasi, kwa mwandiko wake, na mimi nilikuwa nimelielewa vizuri kwa sababu masomo yote kumi na mawili tuliyatazama pamoja, mengine mara tatu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mpira niliokulia ni Coastal Union na African Sports, mtaa mzima unagawanyika. Huu wa Kimarekani nilikuwa nauona kama watu wanaogongana tu, hadi mwanangu alipopangwa katikati ya safu ya mbele ya ulinzi. Sasa tunaishi Columbus, Ohio, mji ambao siku Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, wakicheza hata foleni ya dukani inapungua. Ana miaka 17 na anatamani chuo kimwone. Mzazi afanye nini? Nikalipa, nikaketi, nikajifunza.

Na nikiri, masomo ya mwanzo ni mazuri mno. Somo la kwanza pekee lilinifungua macho. Nilijua kwamba kwenye safu ya washambuliaji, kati ya senta (wa katikati, anayeutoa mpira) na gadi (aliye kando yake) kuna mwanya unaoitwa A, kati ya gadi na takoli (anayemfuata kwa nje) kuna B, nje ya takoli kuna C, na kwamba kila mlinzi ana namba kulingana na bega la mtu anayemkabili. Sifuri yuko uso kwa uso na senta. Tatu yuko bega la nje la gadi. Tano yuko bega la nje la takoli. Kutoka siku hiyo nikawa natazama mechi tofauti kabisa. Macho yangu yaliacha kufuata mpira, yakabaki kwenye miguu ya wale watu wazito kabla mpira haujatoka.

Shida ni hii. Somo la nne linahusu kubanwa na watu wawili, senta na gadi wanapomvamia mlinzi mmoja kwa pamoja. Mwalimu anasema usirudi nyuma hata hatua moja, shusha nyonga, pigana na nguvu inayotoka ubavuni, na wakikuzidi kabisa piga goti uwe rundo ambalo hakuna anayepita. Sawa. Ukiwashika wawili, mlinzi wa mstari wa pili aliye nyuma yako yuko huru, anamkamata mkimbiaji. Kisha somo la tisa, mwalimu yuleyule, anasema toboa mwanya wako kila mara, ukisimama umekwisha. Sasa mtoto afuate lipi? Akitoboa huku amebanwa, wanamsukuma pembeni, gadi anamwacha na kupanda kumpiga yule wa nyuma, na njia inafunguka. Akisimama, amevunja somo la tisa.

Hilo ndilo lilikuwa swali langu. Ni swali la kucheka?

Ninavyoona mimi, hilo ndilo swali lenyewe la kazi hii yote. Kuna timu zinazompa mlinzi mwanya mmoja na kumwambia avamie. Kuna nyingine zinampa mianya miwili: amkamate aliye mbele yake, amtazame mkimbiaji anaelekea wapi, kisha ajing’oe. Iowa State, timu nyingine ya chuo, kuanzia 2017 chini ya Jon Heacock aliyesimamia ulinzi, walijulikana kwa kuweka watu watatu tu mbele, mmoja juu ya senta na wawili mabega ya ndani ya matakoli, ili kuziba mianya ya B na kuacha watu wengi nyuma kwa ajili ya pasi. Ukiwa mmoja wa hao watatu, kazi yako si ile ya kijana anayecheza katika safu ya wanne wanaotoboa. Anayeuza darasa la mbinu bila kusema hayo ameuza ufunguo bila kutaja mlango.

Lakini mwalimu wetu anapenda kuuza kumwangusha kotabeki, yule anayetupa pasi. Picha zote za tangazo ni hizo. Hata mfano aliotumia ni ule wa Jack Sawyer, mlinzi wa Ohio State, dhidi ya Texas, Januari 2025 kule Arlington, alipompokonya kotabeki Quinn Ewers mpira na kukimbia yadi 83 hadi mwisho. Nani hapa Columbus hajui? Nyumba yangu ilitetemeka. Tulishinda 28–14, na siku kumi baadaye tukachukua ubingwa wa taifa mbele ya Notre Dame. Ila kabla ya Sawyer kukimbia, Texas walikuwa yadi moja tu kutoka mstari wa goli, na majaribio manne ya kuuvuka. Yadi moja! Jaribio la kwanza walipita katikati, hawakupata kitu. La pili wakatoka nje, wakarudishwa yadi saba. Ndiyo maana jaribio la nne lilikuwa la yadi nane, ndiyo maana Ewers alilazimika kutupa, na ndiyo maana Sawyer akamfikia. Wale waliojazana katikati jaribio la kwanza hakuna aliyewaweka kwenye tangazo. Mwanangu ni wa kundi hilo. Nilitaka mtu amfundishe huyo.

Jordan Davis, mlinzi wa katikati wa chuo cha Georgia, alikuwa na zaidi ya kilo 150, na msimu wa 2021 hesabu yake ya kuangusha watu haikuwa ya kutisha. Bado alipewa tuzo za Outland (ya mtu bora wa ndani ya safu ya mbele) na Bednarik (ya mlinzi bora) za mpira wa vyuo, na Georgia wakachukua ubingwa. Wanaojua walikuwa wanatazama watu wangapi anawamaliza peke yake. Darasa zima la saa nyingi halikumtaja hata mara moja.

Jibu nililipata bure. Jumatatu moja nilimfuata kocha wa shule, akiwa anafunga milango, nikamweleza. Hakucheka. Alichukua chupa nne za maji akazipanga chini. Akasema kila kitu kinategemea nani yuko nyuma ya kijana na ameitiwa mpango gani. Wakija wawili, kwanza ashike ardhi, mwanya wake aupiganie akiwa hajasogezwa. Kama ni jaribio la tatu na yadi ni nyingi, hapo ruhusa, atoboe. Dakika tano. Akaniambia, “Asante kwa kuuliza, Mama.” Nililia ndani ya gari, sioni haya kusema.

Niliandika barua pepe kudai pesa yangu. Wakajibu kwamba kifurushi kikishafunguliwa hakirudishwi, na kwamba kipindi cha maswali “nilihudhuria”. Nilihudhuria nikiwa nimezibwa mdomo!

Nilikusudia nyota moja. Kisha kijana akanionyesha mechi ya Ijumaa kwenye simu: wawili wamemjia, ameshusha nyonga, hajasogea, mwenzake wa nyuma amepita na kumkamata mkimbiaji. Lile ni somo la nne, kila hatua. Siwezi kusema uongo kuhusu somo la nne. Mwalimu yule anajua kazi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana angekuwa mjinga ningemsahau.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama anunue: chukua kifurushi cha bei ndogo, chenye masomo tu. Tazama la kwanza hadi la sita, la tisa liruke hadi uongee na kocha wa mtoto wako. Kile cha bei kubwa usikiguse. Kijana anasema nyota nne, mimi nasema mbili, nimeandika tatu. Wakiniomba radhi, mbele ya watu walewale arobaini, nitarudi niibadilishe.